Faili Linapofunguka Kwenye Kompyuta na Kukataa Kwenye Simu

Waraka unapofunguka vizuri kwenye kompyuta ya mtumaji na kukataa kwenye simu ya mpokeaji, wengi hudhani mara moja kwamba simu imeingiwa na virusi. Mara nyingi sivyo. La kwanza kuchunguza ni ukubwa wa faili: mpokeaji amwulize mtumaji faili lake lina kilobaiti ngapi, kisha alinganishe na lililo kwenye kifaa chake. La kwake likiwa dogo zaidi, huenda lilikatika wakati wa kupakuliwa, hivyo alifute na kulipakua upya. Faili la PDF huumia sana kwa mkato huo, kwa sababu jedwali linaloielekeza programu ilipo kila sehemu ya waraka kwa kawaida huwekwa mwishoni. Mwisho huo ukikosekana, programu nyingine hujaribu kuliunda jedwali upya, na nyingine hukataa papo hapo. Ndiyo maana faili lilelile lenye kasoro huweza kufunguka kwenye kifaa kimoja na kugoma kwenye kingine.

Ukubwa ukilingana, tazama kiendelezi, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina la faili. Hapa nasisitiza, kwa kuwa kosa hili hurudiwa mno: kuandika .docx mahali palipokuwa na .doc hakubadilishi kilichomo ndani. DOCX, muundo wa nyaraka za Word uliokuja na Microsoft Office 2007, ni furushi la zip (mafaili kadhaa yaliyobanwa kuwa moja) lenye mafaili ya XML, yaani maandishi yenye alama za kupanga yaliyomo, ilhali DOC ya zamani imejengwa kwa namna nyingine kabisa. Anayetaka muundo mwingine alifungue faili kwa programu inayolisoma, kisha alihifadhi upya kwa muundo huo.

Yapo pia mafaili yanayofunguka huku herufi zimegeuka visanduku vitupu na majedwali yamesambaa. Kwa kawaida chanzo chake ni fonti, yaani seti ya maumbo ya herufi. DOCX aghalabu hubeba jina la fonti tu, si fonti yenyewe, na kifaa kisicho nayo huazima nyingine yenye upana tofauti. Waraka usiohitaji kuhaririwa tena ni bora utumwe kama PDF iliyopachikwa fonti ndani yake; PDF/A, aina ya PDF ya kuhifadhi nyaraka kwa muda mrefu iliyo kiwango cha kimataifa tangu 2005, hulazimisha hivyo.

Wenye nyaraka za siri, kama vile matokeo ya vipimo vya hospitali, nawasihi wasizipandishe kwenye tovuti wasizozijua zinazoahidi kukarabati mafaili. Ni salama zaidi kumwomba mtumaji alitume faili tena.