Je, wajua kwa nini vibete vyekundu, yaani nyota ndogo zenye mwanga hafifu mwekundu, hulipuka hata madoa yake makubwa yanapotupa kisogo?

Tarehe 1 Septemba 1859, Mwingereza Richard Carrington alikuwa akichora madoa ya Jua alipoona mwanga mweupe mkali ukichomoza juu ya kundi moja la madoa hayo. Mlipuko huo ulidumu dakika chache tu. Mwaka 1908 Mmarekani George Ellery Hale alionyesha kwamba madoa yana sumaku kali, na hapo undugu wa doa na mlipuko ukaanza kueleweka.

Doa ni mahali ambapo sumaku imebana gesi ya moto isipande kutoka ndani ya nyota. Uso wa Jua una joto la nyuzi 5,500 hivi, lakini katikati ya doa hushuka hadi karibu 3,500, ndiyo maana tunaliona jeusi. Juu ya doa hilo, ugasumaku, yaani eneo la nguvu ya sumaku, huzidi kujipinda kadiri gesi ya chini inavyousukuma, kama kamba inayosokotwa kupita kiasi. Hatimaye hukatika na kujiunga upya, na nishati iliyolimbikizwa kwa siku nyingi hufyatuka mara moja.

Vibete vyekundu ndivyo nyota zilizo nyingi kuliko zote katika galaksi yetu, takriban tatu katika kila nne. Vile vyenye chini ya theluthi moja hivi ya masi ya Jua huchemka na kuzungusha gesi yao mpaka kitovuni, na vikiwa vichanga hujizungusha kasi mno. Hapo sumaku hustawi kwelikweli. Machi 2016, Proxima Centauri, jirani yetu wa karibu kuliko nyota zote ukiacha Jua, ilizidisha mwanga wake mara 68 hivi, ikaweza kuonekana kwa muda mfupi bila darubini.

Sasa tuje kwenye fumbo lenyewe. Nyota inapogeuza kwetu upande wenye madoa mengi, hufifia kidogo. Ingetarajiwa basi milipuko izidi wakati huohuo. Chombo cha Kepler, darubini iliyorushwa angani, kiliitazama GJ 1243, kibete kinachojizungusha mara moja kila saa 14 hivi, kikanasa milipuko zaidi ya 6,000. Milipuko hiyo ilitokea wakati wowote, nyota iwe imefifia au la! Vibete vingine vingi vimeonyesha hali hiyohiyo.

Je, undugu umevunjika? Hapana. Kufifia hutuonyesha tofauti tu kati ya upande mmoja na mwingine, wala si jumla ya madoa. Nyota iliyotapakaa madoa madogo kila pembe haitafifia hata kidogo inapozunguka, ilhali kila doa laweza kuzaa mlipuko. Tena doa lililo karibu na ncha iliyotuelekea halizami kamwe machoni petu. Kwangu mimi maelezo haya ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu yanaondoa fumbo bila kubuni chanzo kipya cha milipuko.

Ncha zenyewe zina habari. Mwaka 2021 watafiti waliotumia data za TESS, darubini nyingine ya angani, walichunguza vibete vinne ambavyo milipuko yake mikubwa ilidumu hata nyota ikajizungusha nayo, mwanga ukipanda na kushuka. Kwa kupanda na kushuka huko walikokotoa mahali milipuko ilipotokea: yote ilikuwa juu ya latitudo 55, wakati madoa ya Jua kwa kawaida hayapiti latitudo 35. Sayari inayozunguka usawa wa ikweta ya nyota ya namna hiyo huenda ikapata nafuu, kwani sehemu kubwa ya dhoruba hurushwa juu na chini ya njia yake.