Je, Wajua Kwa Nini Wapelelezi wa Busted! Hawakupewa Skripti?

Tarehe 22 Januari 2021 Netflix ilitoa msimu wa tatu wa Busted!, kipindi cha burudani cha Korea Kusini cha kutatua kesi, na ukatangazwa mapema kuwa ndio wa mwisho. Sehemu nane, basi. Swali lililonijia siku hiyo ni hili: kwa nini kiishe? Yoo Jae-suk, mtangazaji na mchekeshaji mashuhuri wa Korea, yumo, naye ni mtu ambaye vipindi vyake haviishi hovyo. Running Man, kipindi cha kufukuzana cha kila wiki, anayo tangu 2010. Infinite Challenge, kipindi kingine cha burudani, aliiongoza zaidi ya miaka kumi hadi ilipofungwa mwisho wa Machi 2018, na wiki tano tu baadaye, tarehe 4 Mei, Busted! ikaanza. Kwa nini hiki kisidumu kama vile?

Nadhani jibu limo katika jambo moja ambalo wengi hulichukulia kama mzaha wa kipindi: wapelelezi wenyewe hawakujua chochote.

Jina lake la Kikorea ni Beomineun Baro Neo, yaani "Mhalifu ni wewe!" Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Watu saba maarufu wanaunda kikosi cha upelelezi, kisha wanaingizwa kwenye kesi: mtu ameuawa, mwingine ametoweka, au kitu cha thamani kimeibwa. Wakorea walikibandika kikosi hicho jina la heodang tamjeongdan. Heodang ni mtu unayemwona makini kwa nje, ukimkaribia hamna kitu. Kwa Kiswahili ningesema kikosi cha wapelelezi hamnazo, na nalisema kwa mapenzi. Mwanzoni walikuwa Yoo Jae-suk, Ahn Jae-wook, Kim Jong-min, Lee Kwang-soo, Park Min-young, Sehun wa kundi la muziki la EXO na Kim Se-jeong. Msimu wa pili Lee Kwang-soo alitoka, akaingia Lee Seung-gi.

Sasa tazama kinachotokea kwenye seti. Kuna watu wa aina mbili pale. Wa kwanza ni waigizaji wa kesi: shahidi, mjane, mwenye nyumba, hata maiti. Hao wana skripti. Wanajua marehemu alikuwa nani, nani alimchukia, na waseme nini wakiulizwa. Wa pili ni wale wapelelezi saba, ambao hawana hata ukurasa mmoja. Hadithi imeandikwa yote isipokuwa wao.

Kazi ya mwigizaji wa kesi ndiyo inayonistaajabisha zaidi. Hebu jiweke mahali pake. Umepewa sehemu ya mjane mwenye siri. Umekariri maneno yako. Ghafla Kim Jong-min anakuuliza swali ambalo hakuna mwandishi angeliwaza, na Yoo Jae-suk anamkatiza kwa lingine. Huna ruhusa ya kucheka wala kusimamisha kamera. Unatakiwa ujibu kama mjane, usifichue kabla ya wakati, na usidanganye kiasi cha kuivuruga kesi. Na aliyepewa sehemu ya maiti analala pale sakafuni, watu wanampekua mifuko na kubishana juu ya kichwa chake, naye asipepese jicho.

Kwa nini basi wasipewe skripti wote, kazi ikawa nyepesi? Kwa sababu uso haudanganyi vizuri kwa saa nzima. Mtu anayemjua mhalifu, hata akiwa mwigizaji hodari kama Park Min-young, jicho lake litapita mahali penye ushahidi kabla ya mkono. Mtazamaji angeliona hilo bila hata kujua ameona nini, na raha ya kubahatisha pamoja nao ingekwisha. Tunawapenda kwa kuwa hawajui kama sisi tusivyojua. Wakipotea, tunapotea nao.

Hapo linakuja swali gumu zaidi: kama hawana skripti, hadithi inafikaje mwisho wake?

Jibu ni kufuli. Angalia kesi yoyote uone jinsi kila hatua inavyofungwa na kitu ambacho hakibembelezwi: kasha la namba, mlango wa chumba cha ndani, ujumbe wa mafumbo unaohitaji neno moja tu. Wapelelezi wanaweza kukosea mara kumi, wakagombana, wakamshuku mtu asiyehusika kabisa, yote hayo ni sawa. Lakini kasha haliwi wazi mpaka namba iwe ile ile. Kwa hiyo waandishi hawahitaji kumwambia mtu aende wapi. Wanaandika milango, watu wanaitafuta wenyewe. Ni kama kitendawili: mtegaji anajua jibu, mtegewa hajui, na kati yao kuna nafasi ya kila aina ya majibu ya ajabu. Tofauti ni kwamba kwenye kitendawili ukishindwa unatoa mji. Huku hakuna mji wa kutoa, ni lazima wakune vichwa mpaka kieleweke.

Na kamera zinasaidia sana. Katika vipindi vya burudani vya Korea, vinavyoitwa yeneung, ni desturi kila mshiriki kuwa na mpiga picha wake anayemfuata kama kivuli. Kikosi kikigawanyika ndani ya jumba, mmoja ghorofani, wawili chini, hakuna kinachopotea. Mhariri anakuja kuunganisha baadaye, na mtazamaji anapata picha ambayo hakuna mpelelezi aliyekuwa nayo.

Kisha kuna uzi mrefu, yaani hadithi moja inayoziunganisha kesi za msimu mzima, na hapa ndipo kipindi hiki kilipoachana na Running Man kabisa, ingawa Jo Hyo-jin, mmoja wa waliokiongoza, alitokea huko huko. Kipindi cha runinga cha kila wiki hupigwa, huhaririwa na kurushwa huku kikisikiliza watu wanasemaje. Busted! ilikamilishwa kwanza, ndipo ikatolewa. Msimu wa kwanza ulitoka sehemu mbili kila wiki. Wa pili na wa tatu zikamwagwa zote kwa siku moja. Ukiwa na kazi iliyokamilika, unaweza kuzika mbegu sehemu ya kwanza na kuivuna sehemu ya kumi.

(Kama hujautazama msimu wa pili, ruka aya inayofuata.)

Mbegu kubwa kuliko zote ilikuwa muuaji aliyeitwa "muuaji wa maua", ambaye msimu wote wa pili kikosi kilimwinda. Mwishoni ikabainika ni Lee Seung-gi, mwenzao waliyekula na kukimbia naye. Msimu wa tatu ukalazimika kuanzia kwenye kidonda hicho, huku ukifungua jambo jipya: orodha ya watu wanaodhaniwa watakuja kuwa wahalifu.

Sasa unaona kwa nini kisingeweza kuendelea milele. Mchezo wa kufukuzana unaweza kuurudia kila wiki kwa miaka kumi na tano, kwa sababu kukimbia hakuishi utamu. Kutojua kunaisha. Watu waliokwisha kudanganywa misimu miwili hawaingii chumbani kwa moyo ule ule. Wanamshuku shahidi, wanashukuana wenyewe. Nayo hadithi iliyoahidi jibu inadaiwa jibu.

Korea ina njia nyingine pia. Crime Scene, iliyoanza kwenye kituo cha runinga cha JTBC mwaka 2014, huwageuza washiriki wenyewe kuwa washukiwa. Mmoja wao ndiye muuaji, anajijua, na ni yeye pekee anayeruhusiwa kusema uongo. Kila kesi inaanza upya na sura mpya, kwa hiyo haidaiwi mwisho, na ndiyo maana iliweza kurudi mwaka 2024 baada ya mapumziko ya miaka saba. Naiheshimu sana. Lakini haikunifanya nirudie msimu mzima, kama nilivyorudia ule wa pili wa Busted!, safari hii nikimtazama Seung-gi peke yake, hata pale mwenzake alipokuwa akizungumza.