Mita Moja, Vyumba Saba

Ukitaka kuijua nyumba ya wapangaji hapa Mbeya, ipitie tarehe mosi. Utakuta luku, mita ya kulipia umeme kabla, inalia, taa nyekundu inamweka, na watu wanajifanya hawasikii. Kila mmoja anamsubiri mwenzake. Anayenunua umeme wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayekatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500, na kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, ambaye pengine anaishi zake Uyole au Dar es Salaam. Nimewahi kukuta watu wanakula kwa mshumaa siku ya pili, sababu ni hiyo elfu moja na mia tano.

Kazi yangu ni kushirikisha wananchi kwenye mipango ya nishati. Maandiko yetu yamejaa nishati jadidifu (isiyoisha, kama ya jua na upepo), mpito wa haki (kuhamia nishati safi bila kumwacha mtu nyuma) na makundi maalumu. Lakini hayo makundi tunayaita kwa kupitia mwenye nyumba, halafu tunashangaa mbona hayafiki.

Hebu tupige hesabu. Mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi yuko kundi la D1, shilingi 100 kwa uniti, na ukiweka kodi na tozo inafika kama 122. Matumizi makubwa yanaangukia T1, shilingi 292, ambayo na makato yake ni kama 356. Sasa chukua nyumba ya vyumba saba vyenye mita moja, kila chumba kikitumia uniti 18. Mpangaji angekuwa na mita yake angelipa kama shilingi 2,200 kwa mwezi. Kwa kuwa mita inaona uniti 126 za "mteja mmoja", analipa kama 6,400. Bei nafuu iliwekwa kwa ajili yake, ila mita haijui kuwa nyuma yake kuna masufuria saba. Na kuunganishiwa umeme mjini, hata bila nguzo, ni shilingi 320,960. Nani atatoa hela hiyo kwenye nyumba ya mtu?

Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. (Gesi ya mitungi imo humo, ingawa si jadidifu. Watu wengi huchanganya.) Mimi nilikuwa mpiga debe wa presha kuka, jiko la umeme linalopika kwa mvuke uliobanwa. Maharage yanaiva kwa umeme usiofika uniti moja, kwa hiyo hata kwa shilingi 356 unaweza kuushinda mkaa. Nilidhani kilichobaki ni elimu tu.

Kumbe kwenye nyumba nyingi kuna sheria ya mdomo: hakuna jiko la umeme, hakuna hita, pasi kwa ruhusa. Umeme unachangwa sawa kwa kila chumba, kwa hiyo ukionekana na presha kuka wewe ndiye "unayekula umeme wa wenzako". Dada mmoja alinionyesha jiko lake alilolificha chini ya kitanda, limefunikwa khanga. Hulitumia usiku, dirisha likiwa limefungwa ili harufu ya maharage isitoke. Hilo usingelisikia kwenye mkutano aliokaa mwenye nyumba mstari wa mbele.

Na mkutano wenyewe, nakiri, niliuitisha mimi: Jumanne saa nne asubuhi, ofisi ya mtaa. Walikuja wastaafu na wenye nyumba, wakachangia vizuri, picha zikapigwa. Saa nne mama lishe wa Mwanjelwa yuko kwenye moshi anakaanga vitunguu vya mchana. Kijana wa toroli yuko sokoni. Mama wa kiti cha magurudumu alifika, akakuta ngazi sita, akageuza. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, wapangaji wakiwemo, ila barua ya kualika inapelekwa kwa mwenye geti.

Mara ya pili niliwafuata mimi. Saa tisa alasiri, wakati masufuria yameoshwa, tukakaa kwenye magunia kwa muuza mkaa. Nikatoa dodoso: kwa mwezi unatumia shilingi ngapi kwa mkaa? Wakatazamana. Hakuna anayenunua mkaa kwa mwezi, wananunua kwa sado, asubuhi na jioni. Nikabadilisha: jana ulinunua wa shilingi ngapi? Majibu yakamiminika. Ndipo nilipoelewa mtungi wa gesi wa kilo sita niliokuwa nauona kila chumba. Wa kwanza ulikuja kwa bei ya ruzuku au zawadi, kuujaza tena ni zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo, sasa umewekewa mto, wageni wanaukalia.

Bibi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa mwanangu, hilo jiko lako linapika. Sasa Julai tutaota nini?"

Sikuwa na jibu. Mji uko juu, kama mita 1,700, na Juni na Julai baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Jiko la mkaa huku linapika na linapasha chumba, na watu hulala nalo ndani, mlango umefungwa, hewa ya sumu isiyo na harufu ikiwamaliza usingizini. Mpango unaotoa jiko bila kuzungumzia dari, blanketi na upepo unaopenya kwenye bati umeandikiwa Dar.

Mwenye mkaa naye alikuwa anasikiliza. "Mtaalamu," akaniambia, "unakaa kwenye gunia langu kupanga kunifungia biashara." Alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo, rasimu ninazoandika zinataka wauza mkaa wawe wa kwanza kupewa uwakala wa majiko ya mkopo, ya kulipwa kidogokidogo kama sado. Wateja wanawajua, na nani analipa wanamjua.

Jambo jingine dogo: vitufe vya presha kuka ni bapa, mtu asiyeona hawezi kuvitofautisha. Mama mmoja alishajisaidia mwenyewe kwa kudondoshea tone la rangi ya kucha kwenye kitufe cha maharage. Likikauka linapapaswa.

Siku hizi dodoso langu linaanza na swali moja: nyuma ya mita hii wanapika watu wangapi? Nyumba ya kwanza nililijaribu Ilemi. Mwenye nyumba akajibu haraka, "Mmoja, ni mimi tu na familia."

Kutoka uani sauti ya mwanamke ikasema, "Saba!"