Bondia Akistaafu, Nani Anabaki Naye?

Wanamichezo wa zamani wanaofika kwangu hapa Mwanza hawaji kulalamikia upweke. Wanaleta goti, bega, shingo iliyokakamaa, vidole visivyokunjika tena. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, kwa hiyo viungo ndiyo kazi yangu. Ila siku hizi, kabla sijamshika mtu bega, naanza na swali linalowashangaza wengi: wiki hii umekaa na nani?

Mtu aliyepigwa sana kichwani anaweza kupata ugonjwa ambao yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kuujua. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wakiyumba na kuchanganyikiwa kama walevi. Mwaka 2002 Bennet Omalu, daktari Mnigeria aliyekuwa akifanya kazi Pittsburgh, alichunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, aliyecheza futiboli ya Kimarekani kwa miaka mingi, akakuta protini iitwayo tau imejirundika isivyo kawaida. Ugonjwa huo, yaani ubongo kuharibika polepole kwa kupigwa kichwani mara nyingi, unajulikana kwa herufi CTE. Si lazima uwe umewahi kulala ulingoni ndipo ukupate. Makonde ya kawaida ya mazoezini, yale ambayo bondia anaoga na kuyasahau, yakirudiwa miaka na miaka yanatosha kuleta madhara.

Mpira wa miguu nao haujasalimika. Utafiti wa Scotland uliotoka mwaka 2019 uliwafuatilia wachezaji wa zamani wa kulipwa 7,676. Vifo vilivyotokana na magonjwa ya kuharibika kwa ubongo vilikuwa kama mara tatu na nusu ya vile vya watu wengine wa rika lao. Vifo vya ugonjwa wa moyo, kwa upande mwingine, vilikuwa vichache kuliko vya wenzao. Kwa hiyo simkatazi mtu michezo.

Shida ni kwamba CTE inathibitishwa baada ya mtu kufa tu, ubongo ukichunguzwa. Akiwa hai, daktari anategemea maelezo: ameanza kusahau lini, hasira zimeanza lini, kulala je, mwendo je. Maelezo hayo hayatoki kwa mgonjwa, kwa sababu ubongo unaotakiwa kuyaona mabadiliko ndio huo huo ulioumia. Yanatoka kwa watu wake.

Nimeliona hilo kwa bondia mmoja wa zamani ambaye sasa anabeba magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Alikuja kwa ajili ya bega. Nilipomuuliza habari za kichwa akajibu, "Niko fiti, daktari." Alikuwa amesindikizwa na rafiki yake wa miaka mingi, mpinzani wake wa drafti, ile ya vizibo vya soda. Yule mzee akasema taratibu: "Ndugu yangu, siku hizi ukishacheza unasubiri nicheze mara mbili. Nikikwambia zamu yako, unakasirika." Mgonjwa wangu alikaa kimya muda mrefu, akifunga kifungo cha shati kilichokuwa kimeshafungwa. Hakuna mashine katika mji huu ambayo ingenipa habari ile.

Sasa fikiria asingekuwa na mtu wa kucheza naye drafti. Ndivyo wanavyoishi wengi. Bondia wakati wake ana kambi, ana mwalimu anayemgongea mlango alfajiri, ana wenzake wa kukimbia nao barabarani, ana mashabiki wa mtaa mzima. Siku akiacha, hao wote wanabaki kwenye mchezo na yeye anatoka. Wenzetu waajiriwa wanastaafu wakiwa na miaka sitini. Huyu ana thelathini na kitu, na hakujifunza kazi nyingine.

Nyumbani nako mambo yanaharibika. Hasira za ghafla, pesa kupotea mfukoni, ahadi kusahauliwa: familia inaona ni tabia mbaya. Mke anarudi kwao Sengerema, kaka zake wanaacha kupokea simu, jamaa anapanga chumba peke yake. Na upweke huo unaweza kuzidisha matatizo. Kamisheni ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu na ambayo yanaweza kupunguzwa. Jeraha la kichwa limo, na kutengwa na watu kumo. Huyu mtu anabeba yote mawili.

Hapa niseme jambo kwa akina mama. Kujua kwamba hasira zinaweza kuwa za ugonjwa hakukulazimishi kuvumilia kipigo. Ondokeni, wewe na watoto, mkae salama, kisha ndugu zake wampeleke hospitali.

Tena si kila anayesahau ana CTE. Presha, sukari, sonona, pombe, kukosa usingizi, masikio yasiyosikia vizuri: yote hayo yanaweza kumfanya mtu aonekane amepotea, na yote yana namna ya kutibiwa au kupunguzwa. Nimewaona waliokwisha kuandikwa kuwa "wameharibikiwa" wakarudi kuwa watu wa kuongea nao baada ya kutibiwa sonona. Ndiyo maana nasisitiza: ukija kliniki, njoo na mtu anayekujua.

Kuhusu vijiwe, sivipimi vyote sawa. Kijiwe cha gongo kina watu wengi, ila mtu akikosekana siku tatu hakuna anayeuliza. Timu za maveterani zinazocheza asubuhi za Jumapili ni bora mno, mradi wakubaliane kutopiga vichwa. Bondia mzee anaweza kupiga begi, kuruka kamba, kushika pedi za kuwafundishia vijana, bila kupigwa kichwani tena hata mara moja. Anarudi kuwa mwalimu wa mtu, na ana mahali pa kwenda saa kumi na moja alfajiri.

Kwenu mnaoendesha klabu za ngumi, Igoma, Mabatini na kwingineko: mna namba za simu za vijana wote wanaofanya mazoezi sasa. Tafuteni na za wale walioacha. Mpangie kijana mmoja mkongwe mmoja, ampigie kila wiki, na akisikia maneno yanajirudia au sauti imebadilika, awaambie ndugu zake.