Ushuru sifuri hauvushi majani

Nimeulizwa tena: "Ulaya hatutozwi ushuru, kwa hiyo mboga zinapita tu, sivyo?" Sivyo jamani.

Ushuru niumalize haraka. Mboga za Tanzania zinaingia Umoja wa Ulaya bila ushuru kwa sababu tumo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni. Za Kenya ni kwa mkataba ulioanza kutumika 1 Julai 2024. Spinachi isiyo na nafuu yoyote hutozwa asilimia 10.4. Nafuu yetu inataka tamko la asili ya bidhaa, na mzigo ukizidi yuro 6,000 anayelitoa awe amesajiliwa REX, yaani mfumo wa Ulaya wa wauzaji nje waliosajiliwa. Basi.

Sasa mboga za majani zenyewe. Tangu 14 Desemba 2019, karibu kila tunda na mboga mbichi inahitaji cheti cha afya ya mimea. Waliosamehewa ni nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Kuna jani hapo? Kwa rehani (jani la kiungo, basil) na seleri cheti kitupu hakitoshi: kiwe na tamko la ziada kuhusu inzi wachimba-majani, akiwemo Liriomyza sativae, kwa maneno yanayofuata kanuni. Mzigo safi hukataliwa kwa sentensi moja iliyosahaulika, na ndege ikishatua umechelewa.

Tena inzi huyo hutaga mayai ndani ya jani. Mkaguzi huchukua sampuli, hutazama kwa lenzi, haoni kitu, anasaini kwa haki kabisa. Michirizi ya funza wanaochimba jani inajitokeza siku kadhaa baadaye. Sijui njia ya kuiondoa hatari hiyo yote kwenye meza ya ukaguzi. Inapunguzwa shambani, kwa mitego ya njano na kwa kung'oa majani yenye michirizi mapema.

Kinachonikera kuliko vyote ni hiki: "Cheti ninacho, dawa si tatizo." Cheti hicho hakisemi lolote kuhusu masalia ya viuatilifu! Hayo hupimwa kivyake. Kiuatilifu ambacho hakijawekewa kiwango mahususi hupewa kikomo cha miligramu 0.01 kwa kilo, yaani gramu 1 katika tani 100. Dawa ya nyanya iliyopeperushwa kutoka tuta la jirani inaweza kukufanya uzidi kikomo hicho, maana jani ni jepesi na uso wake wote unapokea dawa. Na zile siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa kwa ajili ya nyanya, usizihamishie kwenye rehani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nauli ya ndege, niletee daftari la upuliziaji: dawa gani, tarehe gani, na tuta la jirani lina zao gani.