Je, Wajua Kwa Nini Taa ya Wati 9 Inang'aa Sawa na Globu ya Wati 60?

Mfugaji wa vifaranga anaijua vizuri globu ya zamani, ile yenye waya ndani ya kioo. Anaitundika bandani karibu na sakafu, vifaranga wanajikusanya chini yake, na usiku wa baridi unapita salama. Taa ya LED, ile ya kisasa ya wati 9, haiwezi kazi hiyo, maana joto lake ni dogo mno. Jibu la swali letu limo humo bandani.

Ndani ya globu ya zamani umeme unapita kwenye uzi mwembamba wa metali ya tangsteni mpaka uzi unafikia joto la nyuzi 2,500 hivi za Selsiasi. Ukiwa moto kiasi hicho lazima ung'ae. Ila sehemu kubwa ya kinachotoka ni joto lisiloonekana kwa macho. Katika kila wati 100, ni wati 5 hivi tu zinazogeuka mwanga. Nyingine zote umelipia joto. Sasa mtu anayeishi Tanga au Dar es Salaam, mwezi wa Januari, joto analinunua la nini?

LED haina uzi wa kuchemsha. Ukifungua kifuniko cheupe cha taa iliyoungua utakuta vidoa vya njano vimepangwa kwenye kibati cha duara. Chini ya kila kidoa kuna kipande kidogo sana chenye matabaka mawili. Tabaka moja lina elektroni (chembe ndogo mno zinazobeba umeme) za ziada, jingine lina nafasi wazi za kuzipokea. Umeme unazisukuma elektroni zivuke mpaka, zinatumbukia kwenye zile nafasi, na nishati zinayoiachia inatoka moja kwa moja ikiwa mwanga.

LED nyekundu ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962. Ya bluu yenye mwanga mkali ilisumbua watafiti kwa takriban miaka 30 zaidi, na bila bluu hupati nyeupe. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipoiweza, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Taa nyeupe iliyopo sebuleni kwako kwa kweli ni LED ya bluu iliyofunikwa unga wa njano. Rangi hizo mbili zikichanganyika, jicho linaona weupe.

Kwa hiyo dukani usiulize wati peke yake. Wati inakuambia utalipa kiasi gani; mwanga wenyewe hupimwa kwa lumeni, na huandikwa kwenye boksi. Globu ya wati 60 hutoa lumeni 800 hivi, na LED nzuri ya wati 8 hadi 10 inazifikisha. Ukikuta taa ya bei ya kutupa isiyoandikwa lumeni, iache hapo hapo.

Tuingie kwenye LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Chukua nyumba yenye globu sita za wati 60, zinazowaka kwa muda wa saa tano kila usiku. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja, kwa hiyo hizo ni uniti 1.8 kwa siku, sawa na uniti 54 kwa mwezi. Ongeza friji dogo linalokula uniti moja kwa siku: jumla 84. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016, mteja wa TANESCO (shirika la umeme la Tanzania) wa matumizi madogo, kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Nyumba hii basi inalipa shilingi 10,650. Badili zile globu sita uweke LED za wati 9: taa zinashuka hadi uniti 8 hivi, jumla uniti 38, na malipo ni kama shilingi 3,800. Kubwa zaidi ni kwamba imebaki chini ya mstari wa 75. Anayeuvuka kila mwezi anaweza kuhamishiwa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni shilingi 292 kuanzia ya kwanza. (Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu mwaka 2021 haiguswi na hesabu hii, kwa hiyo usishangae ikiendelea kukatwa.)

Sasa sola. Hapa kuna jambo linalonifurahisha sana: paneli ya sola na taa ya LED ni ndugu wa damu. Paneli nayo ina matabaka mawili, ya silikoni, ila inafanya kazi kinyume. LED inapokea umeme inatoa mwanga. Paneli inapokea mwanga, mwanga unazing'oa elektroni, tunapata umeme. Unaweza kuliona hili mwenyewe. Chukua LED nyekundu iliyotolewa kwenye redio mbovu, shikisha miguu yake kwenye mita ya kidijitali ya fundi, kisha ielekeze kwenye jua kali. Mita itasoma volti. Haitachaji simu, lakini ni umeme wa sola.

Undugu huo una faida mfukoni. Paneli ya wati 100, ikipata jua kali kwa muda wa kama saa tano kwa siku na baada ya upotevu wa njiani, hutoa wati-saa 350 hivi (wati-saa 1,000 ni uniti moja). LED zetu sita zinahitaji 270, kinachobaki kinachaji simu za nyumbani. Globu za zamani zingehitaji 1,800, yaani zaidi ya paneli tano za namna hiyo pamoja na betri kubwa ya kuzifuata. Ndiyo maana nasisitiza: badili taa kwanza, sola baadaye. Wengi huanza na paneli, wakaishia kulalamika kwamba sola haina nguvu.

Betri ndiyo inayokula fedha. Betri ya gari imetengenezwa kutoa mkupuo mmoja mkubwa wa kuwasha injini, halafu ijazwe mara moja. Ukiikamua usiku kucha, kila usiku, inakufa mapema. Tafuta betri ya sola. Ikiwa ni ya risasi na asidi usiishushe chini ya nusu ya chaji. Za lithiamu huvumilia kushushwa zaidi. Weka chaji kontrola (kifaa kinachosimamia uchajishaji wa betri), na kwa taa tumia za DC, yaani zinazotumia umeme wa betri moja kwa moja, za volti 12, maana inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, nayo inakula umeme wake hata ukiwa umewasha taa moja tu. Waya wa volti 12 uwe mnene na mfupi, la sivyo taa ya chumba cha mwisho itafifia.

Paneli yenyewe, kwa kuwa Tanzania iko kusini mwa ikweta, ielekezwe kaskazini na kuinamishwa kidogo ili mvua ioshe vumbi. Iepushe na kivuli kabisa. Seli zake zimeungwa kwa mfululizo, hivyo kuti moja la mnazi likifunika seli chache linaweza kuangusha uzalishaji kuliko ukubwa wa kivuli chake. Acha pia nafasi ya hewa kati yake na bati, kwa sababu paneli ikipata moto inazalisha kidogo.

Pasi, hita na jiko la umeme viache kwenye umeme wa gridi. Wati 1,000 na zaidi si kazi ya paneli moja. Na usithubutu kuunganisha inveta kwenye nyaya za nyumba bila swichi ya kubadilishia. Umeme ukikatika mtaani, wa kwako unaweza kurudi kwenye laini na kumkuta fundi aliyepanda nguzo akiamini hakuna umeme. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni.