Mwili Kulingana Pande Zote Si Siri ya Kasi Kwenye Skii

Dhana: kulia na kushoto vikilingana, kasi itaongezeka.

Dhana hii inawala wachezaji wa skii za masafa marefu, yaani mbio za kuteleza juu ya theluji kwa vibao virefu na fimbo mbili, muda mwingi wa mazoezi. Angalia mtindo wa skeiti, ambapo kila skii husukumwa nje kwa mshazari kama kwenye kuteleza juu ya barafu, mchezaji anapopanda mlima mkali. Mbinu inayotumika pale yenyewe imeegemea upande mmoja: fimbo zote mbili huchomwa mara moja kwa kila hatua mbili, daima pamoja na mguu uleule, na mkono mmoja hukaa juu kuliko mwenzake. Ulinganifu haupo, na hakuna kocha anayeutafuta. Mchezaji mzuri anachofanya ni kuhama upande: njia ikiinama anachagua upande unaomfaa, na paja likianza kuwaka moto anahamia wa pili. Anayejua upande mmoja tu hana pa kuhamia. Kwa hiyo jaribio la maana ni kama pande zote mbili zinatumika, hata kama hazifanani. Tofauti ndogo ya nguvu au unyumbufu kati ya miguu ni ya kawaida hata kwa mwanamichezo mwenye afya kamili.

Dhana: alama nzuri kwenye vipimo vya sakafuni, matokeo mazuri kwenye theluji.

Kipimo kinachojulikana sana cha ubora wa miondoko ni FMS (Functional Movement Screen). Kina majaribio 7, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla 21: kuchuchumaa, kuvuka kamba, kuinua mguu ukiwa chali na mengineyo. Majaribio 5 hupimwa kulia na kushoto, na alama inayoandikwa ni ile ya upande dhaifu. Sasa mtu aliyekakamaa pande zote mbili, 1 kwa 1, amelingana kabisa, lakini miondoko yake ni mibovu. Ubora ni jambo moja, ulinganifu ni jingine.

Halafu kipimo hiki hakigusi mapafu wala moyo. Bjørn Dæhlie wa Norwei, mchezaji wa zamani wa skii za masafa marefu mwenye dhahabu 8 za Olimpiki, anatajwa kuwa na uwezo wa kutumia oksijeni mililita 96 kwa kilo kwa dakika. Hakuna namna ya kuuona uwezo huo kwa kumchuchumaza mtu. FMS ilibuniwa kuonyesha mahali mwili unapobana, basi itumike kwa kazi hiyo.

Dhana: basi tofauti za pande tuzipuuze.

Hapana, na hapa nasisitiza. Simama nyuma ya mchezaji wa skeiti uitazame skii inavyotua. Ikitua bapa, uzito wote ukiwa juu yake, inateleza mbali. Ikitua kwa ukingo wa ndani, inakwaruza theluji, mtelezo unakatika mapema, na mguu wa pili unalazimika kushuka kabla ya wakati. Likitokea hilo upande mmoja tu, hatua baada ya hatua, nguvu nyingi zinamwagika bure. Chanzo mara nyingi ni kifundo kisichopinda vizuri, nyonga dhaifu, au jeraha la zamani lililopona nusu. Hayo yanafaa kutibiwa, tena mapema. Mtazame pia akiwa amechoka, maana kasoro iliyojificha asubuhi hujitokeza mwisho wa mazoezi.

Dhana: kusukuma kwa fimbo mbili ni kazi ya mabega.

Kwenye Vasaloppet ya Uswidi, mbio za kilomita 90, washindani wa mbele siku hizi husukuma hivyo karibu njia nzima. Mabega peke yake yasingefika. Mchezaji hunyanyuka hadi kwenye vidole, kisha huuangusha uzito wa mwili juu ya fimbo huku tumbo likijikunja. Watafiti walipowafunga wachezaji magoti na vifundo visipinde, kasi yao ya juu ilishuka. Ukipima mabega tu, kulia dhidi ya kushoto, umeacha nje miguu na kiwiliwili, ambavyo ndivyo vinavyozipa fimbo uzito.